Jibu: Je, profesa wa makuzi ya watoto hufundisha tu?

Dada, umeuliza kama profesa wa saikolojia ya makuzi ya watoto hufanya lolote zaidi ya kufundisha, na kama utafiti wa taaluma hiyo unawezekana kwa mtu aliye hapa Nairobi. Hafundishi tu, bali hufanya utafiti pia, nao unawezekana sana, kwani taaluma yenyewe ilipitia kwetu Afrika Mashariki.

Mwanasaikolojia Mary Ainsworth, aliyehitimu uzamivu Toronto mwaka 1939 na kufanya kazi jijini London na John Bowlby, daktari wa akili aliyechunguza uhusiano wa mtoto na mama, alifika Uganda mwaka 1954, akawa akizitembelea familia 26 za Waganda nyumbani kwao pamoja na mkalimani, akiangalia jinsi mtoto anavyolia mama anapotoka na anavyomkimbilia anaporudi. Maswali aliyoyapata huko ndiyo aliyoyaendeleza baadaye akiwa profesa Baltimore, Marekani, na kitabu chake kuhusu Uganda kilitoka mwaka 1967.

Hapa Kenya, mtafiti wa makuzi ya watoto Charles Super alionyesha katika miaka ya 1970 kwamba watoto wa Kipsigis walikaa na kutembea mapema kuliko wa Marekani kwa sababu walifunzwa: mtoto aliketishwa ndani ya kishimo kilichochimbwa ardhini, akaegemezwa kwa blanketi. Katika kutambaa, hawakuwatangulia wenzao. Mimi huliona jambo hili kuwa zito mno, kwa kuwa vipimo vingi vya makuzi ya mtoto tunavyotumia kliniki vilitungwa mbali na nyumba zetu.

Anza basi kwa kutafuta msimamizi anayekwenda nyanjani mwenyewe, na uombe mapema kibali cha NACOSTI, tume ya Kenya inayotoa vibali vya utafiti, pamoja na idhini ya wazazi.