Barua kwanza, darasa baadaye

"Shikamoo mwalimu. Nimemaliza masta, kuna chuo kimeniita nifundishe pati-taimu. Unanishauri nini?" Ameniandikia binti mmoja wa Tukuyu, na si wa kwanza. Marahaba, mdogo wangu. Nenda kafundishe, ila wakupe barua kwanza.

Nimefundisha kwa malipo ya saa katika chuo kimoja Iringa, jina silitaji. Nilipewa Stadi za Mawasiliano, mwaka wa kwanza, ukumbi umefurika hadi wengine wanaandikia madirishani. Zilizohesabiwa ni saa za kusimama mbele ya wanafunzi tu. Kutunga mtihani, kuusimamia na kuusahihisha, sadaka. Na kusahihisha ndiyo kazi yenyewe! Mwezi wa saba, baridi ya Kihesa mnaijua, nimevaa koti ndani ya nyumba na soksi mbili mbili, vijitabu vya majibu vimejaa meza mpaka vimehamia kitandani.

Wanafunzi waliniita Dokta. Kwenye ratiba ya idara sikuwa hata na jina, paliandikwa "mwalimu wa muda". Siku ya mahafali vijana wangu walipita na majoho yao, mimi nimesimama nje ya uzio na wauza mashada. Sikualikwa. Hilo linaniuma kuliko pesa, hadi leo.

Pesa nazo hazikuja. Muhula ukaisha, mwingine ukaanza. Mhasibu akasema ada bado, tunasubiri Bodi ya Mikopo. Bodi ikaingiza, ikawa fomu ya madai haina sahihi ya mkuu wa idara. Sahihi ikapatikana, mwenye kuidhinisha kasafiri Dodoma.

Wenzangu wakasubiri. Mimi nilikuwa na faili: barua ya kupangiwa somo, ratiba, na nakala ya kila fomu ya madai ikiwa na muhuri wa masijala wa siku niliyoipeleka. Walikuwa wakinicheka eti najiandaa kwenda mahakamani. Nilikuwa najiandaa kweli. Nikajaza Fomu Namba 1 ya CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, wanakopelekwa migogoro ya kazi. Mwakilishi wa chuo akaja na hoja kwamba mimi si mwajiriwa, ni mtoa huduma. Msuluhishi hakubishana naye. Alifunua nakala zangu moja moja, akisoma kwa sauti tarehe za mihuri. Tulitoka pale tumesaini tarehe ya malipo, na nililipwa. Chuo hakikuniita tena, nami nikahamia zangu Mbeya.

Sasa sikilizeni, nyie mnaotaka kuitwa wahadhiri. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi. Mkifika mbele ya tume naye hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlichokubaliana ni wake. Na hiyo hadithi ya "wewe si mwajiriwa" isikutishe: Sheria ya Taasisi za Kazi ya mwaka huohuo inakuchukulia kuwa mwajiriwa, hadi ithibitishwe vinginevyo, ukiwa umemfanyia mtu kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Kwa hiyo andika saa zako zote, za kusimamia mitihani pia. Madai ya malipo yafike CMA ndani ya siku 60 tangu mgogoro uanze. Ya kuachishwa kazi, siku 30. Waliosubiri huruma ya mhasibu waliishia kuomba wasamehewe kuchelewa.

Msizuie matokeo ya wanafunzi ili mlipwe. Vijana hawana kosa, na mtakuwa mmempa mwajiri kesi ya bure. Pelekeni kwa wakati, nayo yapigwe muhuri.

Jamani, muuza viazi wa Mwanjelwa hakupimii debe kabla hamjaelewana bei. Wewe na masta yako unaogopa kuuliza wataona una tamaa? Uliza saa moja ni shilingi ngapi, kusahihisha wanalipaje, nani anasaini, lini inalipwa, na NSSF wanakuchangia au la. Wakikwambia "anza kwanza, barua inaandaliwa", wajibu kwa heshima zote kwamba na vipindi unaviandaa.