Kuvuta trela kutoka Nairobi hadi Marsabit na Turkana: kwa familia inayokwenda mara ya kwanza

Familia nyingi zikipata trela huanza kufikiria nafasi: hema litaingia, magodoro yataingia, baiskeli za watoto nazo hazitakosa pahali. Barabara za kaskazini hazijali nafasi. Kinachojalisha huko ni uzito, na pale uzito huo ulipokaa. Springi zinazokatika, beringi zinazoungua, trela linaloyumba hadi kulivuta gari kando ya lami: mara nyingi chanzo ni hayo mawili, na yote mawili hurekebishwa nyumbani kabla ya kung'oa nanga.

Anza na kalamu na karatasi. Maji lita 20 ni kilo 20. Dizeli lita 20 ni kama kilo 17. Watu watano wakitumia lita 8 kila mmoja kwa siku kwa kunywa, kupika na kunawa, siku nne ni lita 160, yaani kilo 160 kabla hujapakia hata sufuria. Weka mitungi minne ya dizeli, kilo 68 nyingine bila kuhesabu vyombo vyenyewe. Weka gesi, gurudumu la akiba, hema, magodoro, viti, unga, mchele na kasha la barafu. Trela dogo la ekseli moja lenye kilo 300 likiwa tupu hufika 700 upesi sana. Kama lilitengenezwa kubeba bidhaa za sokoni hapa mjini, huenda ekseli yake haikukusudiwa hata kilo 500. Muulize fundi aliyelichomelea ekseli hiyo ni ya kilo ngapi, na usiridhike na jibu la "itabeba tu". Kisha pima kila kitu kwa mizani ya nyumbani, andika, jumlisha. Kikizidi, punguza. Baiskeli zibaki nyumbani.

Sasa mahali pa uzito. Takriban asilimia 10 ya uzito wote wa trela likiwa limepakiwa inapaswa kukandamiza kiungio cha gari, pale mkono wa trela unapofungwa, yaani kilo 70 kwa trela la kilo 700. Kupima ni rahisi. Simamisha trela mahali tambarare, weka mizani ya bafuni chini ya mkono wa trela, simamisha kipande cha mbao juu yake chenye kimo cha kiungio, ushushe mkono taratibu ukae juu ya mbao, halafu usome. Ukiona kilo 30, mzigo umekaa nyuma mno, na trela hilo litaanza kucheza ukifika kilomita 80 kwa saa, hasa ukipitwa na basi au ukiteremka mlima. Ukiona 120, sehemu ya nyuma ya gari itainama, usukani utakuwa mwepesi, na taa zako usiku zitawapiga wenzako machoni.

Wengi wakishajua hili hurundika maji yote mbele kabisa ya trela ili kipimo kifike. Siku ya kwanza liko sawa. Siku ya tatu maji yamenywewa, mbele pamekuwa pepesi, na njia ya kurudi ndiyo inayoleta ajali. Weka maji chini, juu ya ekseli au mbele yake kidogo tu, ili yakipungua mizani isibadilike sana. Vitu vizito visivyopungua, kama kisanduku cha vifaa na gurudumu la akiba, ndivyo vikae mbele. Nyuma ya trela usining'inize mtungi wowote.

Trela likianza kuyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani ukiwa umenyooka, uache mwendo upungue wenyewe. Usikanyage breki kwa nguvu na usijaribu kulifuata kwa usukani huku na huku, kwa kuwa hapo ndipo linapokuzidi nguvu. Likitulia, simama mahali salama uhamishe mzigo mbele. Usiendelee ukitumaini kwamba limekoma.

Upande wa vyuma, uamuzi mmoja hukuokoa mara nyingi kuliko mingine yote: magurudumu ya trela yawe sawa na ya gari, idadi ile ile ya nati, rimu ile ile, saizi ile ile ya tairi. Mafundi wa Kariobangi wanaweza kukubadilishia habu, kile kitovu kinachoshika gurudumu, na sehemu nyingi utazipata Grogan. Ukifanya hivyo, magurudumu mawili ya akiba yanatosha sita yaliyo chini, na lolote linaingia popote. Usipofanya, utabeba akiba za aina mbili, na pancha ya pili ya trela ikuache njiani.

Beringi ndizo zinazolaza matrela njiani kuliko kitu kingine chochote. Kabla ya safari zifunguliwe, zioshwe kwa dizeli, zikaushwe, zijazwe grisi mpya ya magurudumu kwa mkono hadi ipenye kati ya golori, na sili mpya ziwekwe. Nati ya habu hukazwa huku gurudumu likizungushwa, mpaka likianza kuwa zito, kisha inalegezwa kidogo hadi lizunguke kwa uhuru, ndipo pini inapita. Fundi mwenye haraka huikaza akaiacha hapo hapo. Beringi hiyo itaungua kabla ya Nanyuki. Beba seti kamili ya upande mmoja: beringi ya ndani, ya nje, sili, pini, na nusu kilo ya grisi. Namba za beringi ziandike kwa rangi ndani ya kifuniko cha trela, maana ukimpigia mtu simu kutoka Laisamis akutumie kwa basi, atataka namba hizo kwanza.

Minyororo ya usalama iwe miwili na ipishane chini ya kiungio, ili mkono wa trela ukichomoka uangukie juu yake badala ya kuchimba lami. Beba jani kuu la springi na yuboti mbili, zile boliti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli. Nyaya za taa zipite ndani ya mpira, zifungwe kwenye fremu kila hatua, la sivyo mtikisiko utazikata. Trela lina namba yake ya usajili inayoanza na Z na kitabu chake, kwa hiyo viwe ndani ya gari, na kampuni yako ya bima iseme kwa maandishi kama trela limo kwenye bima ya gari au la.

Siku ya kwanza toka Nairobi alfajiri na usipange kupita Isiolo. Simama Kenol au Sagana, kaza nati za magurudumu yote ya trela tena, halafu weka mgongo wa mkono kwenye kila habu. Joto la kawaida si tatizo. Ukishindwa kuuacha mkono hapo sekunde chache, au upande mmoja una moto kuliko mwingine, fungua hapo hapo, mafundi wakiwa bado karibu. Ukifika Nanyuki, kagua tena vivyo hivyo. Baada ya Timau barabara inashuka kuelekea Isiolo, zaidi ya mita 1,000 kwenda chini, na hapo wanaovuta mzigo kwa mara ya kwanza huunguza breki. Ingiza gia ndogo kabla mteremko haujaanza, acha injini ishike, ukanyage breki kwa vipindi vifupi vya nguvu. Ukisikia harufu ya kuungua, simama upumzishe nusu saa, na usimwagie maji diski.

Isiolo ndipo unapojaza kila kitu: mafuta, maji, matunda, barafu. Pita kituo cha polisi uulize hali ya njia unayokusudia, hasa kama ni upande wa Baragoi, kwa sababu wizi wa mifugo na mapigano yake hubadilika wiki kwa wiki na habari za mwezi jana hazisaidii. Wakikwambia usiende, badili njia bila kubishana. Kutoka hapo hadi Marsabit ni lami nzuri ya karibu kilomita 260, na hatari yake ni huo uzuri. Ngamia na mbuzi huvuka watakavyo, na gari lenye trela halisimami upesi. Kilomita 70 kwa saa zinatosha. Saa kumi jioni uwe unatafuta pa kulala.

Kwa safari ya kwanza na watoto, ushauri wetu ni kuishia Marsabit, ukipitia hifadhi ya Samburu au Buffalo Springs ukienda au ukirudi. Msitu wa Marsabit una ubaridi na ukungu wa asubuhi, na watoto huwa hawaamini kwamba jangwa liko chini tu ya mlima. Ukipata nafasi kabla ya safari, wapeleke makumbusho ya Nairobi wamwone Ahmed, yule ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Kenyatta hadi alipokufa mwaka 1974. Wakifika kwake watakuwa na mtu wa kumuulizia. Jangwa la Chalbi na Loiyangalani, mji ulio kando ya Ziwa Turkana, ziache kwa safari ya pili, ukiwa na gari la pili la kuandamana nalo.

Ukifika wakati huo, jifunze kucheza na upepo wa matairi. Kwenye changarawe yenye vijituta vya mfululizo, punguza kama robo ya upepo wa lami, gari na trela pia. Kwenye mchanga laini shuka hadi psi 16 au 18, na mwendo usizidi kilomita 25 hivi kwa saa, wala usikate kona kwa ghafla. Kwenye mawe meusi ya volkano kuelekea Loiyangalani usishuke kiasi hicho, kwa sababu tairi lililolegea hutanua ubavu wake nje, na ubavu ukikatwa na jiwe hauzibiki kwa kamba za pancha. Ukirudi kwenye njia ngumu, jaza tena kabla ya kuongeza mwendo. Tairi legevu likikimbizwa kwenye joto hupasuka. Kwa hivyo pampu ya umeme na kipimo cha kuaminika si anasa.

Ulaji wa mafuta nao hubadilika. Gari linalokula lita 13 kwa kilomita 100 barabarani laweza kula 20 au zaidi likivuta trela mchangani. Fanya hesabu kwa kiwango hicho cha juu, uongeze theluthi ya akiba. Mafuta ya mapipa yanayouzwa vituo vidogo yapitishe kwenye faneli yenye chujio.

Chalbi ikiwa kavu ni tambarare nyeupe ya chumvi inayokushawishi kukata njia yako mwenyewe. Fuata alama za magari yaliyotangulia. Chini ya ganda hilo mna tope, na trela ndilo linalozama kwanza. Mvua ikiwa imenyesha, usiingie kabisa, hata kama jua limewaka siku mbili. Miezi ya Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba si ya kupanga safari hii. Laga pia, ile mito mikavu ya mchanga, si mahali pa kupiga kambi hata kama miti yake ina kivuli kizuri. Mvua ya milimani usiyoiona huleta maji usiku.

Gari likizama, tenganisha trela kwanza. Chimba mchanga mbele ya magurudumu, punguza upepo, toa gari peke yake hadi pagumu, ndipo ulivute trela kwa kamba ndefu. Jeki hutaka ubao mpana chini yake. Na tafadhali sana: usifunge kamba ya kuvutia kwenye kile kichwa cha duara cha kiungio. Kinaweza kukatika na kuruka kama risasi, na watu wameuawa hivyo. Tumia ndoano zilizofungwa kwenye fremu, na watoto wasimame mbali, zaidi ya urefu wa kamba yenyewe.

Kurudi nyuma na trela kufanyiwe mazoezi kwenye uwanja mtupu Jumapili moja kabla ya safari. Shika usukani sehemu ya chini. Unakotaka nyuma ya trela iende, peleka mkono huko huko, kidogo kidogo. Likianza kujikunja, nenda mbele unyooshe, uanze upya.

Loiyangalani upepo unashuka kutoka Mlima Kulal na huvuma kwa nguvu usiku hadi asubuhi. Vigingi havishiki kwenye mawe, kwa hiyo funga hema kwenye gari na trela, ukiyapanga yawe ukuta upande wa mashariki. Moto wa kuni usiwashwe kwenye upepo huo. Ziwani muna mamba, na maji yake ya magadi si ya kutegemea kwa kunywa. Watoto wakung'ute viatu kila asubuhi kwa ajili ya nge na nyoka, wasitembee gizani bila tochi.

Kambini, tenganisha trela na uliache hapo, magurudumu yakiwa yamezuiwa kwa mawe na mlango umefungwa. Matembezi yote fanya na gari peke yake. Katika hifadhi usiache matunda ndani ya trela, kwa sababu nyani hujua kufungua vifuniko na harufu ya machungwa huvuta ndovu.

Trela lililovuka Chalbi lioshwe chini kwa maji baridi mengi mara ufikapo penye maji ya kutosha, fremu, springi na viunganishi vya nyaya, kwa kuwa chumvi haingoji ufike Nairobi. Ukifika, fungua beringi tena wiki hiyo hiyo. Grisi iliyogeuka kijivu au yenye mchanga itupwe yote, na beringi yenye alama ya bluu ya joto ibadilishwe hata kama bado inazunguka vizuri.