Maswali Yenu: Mkoko Ndani ya Tangi la Kioo

Mwezi huu zimekuja barua nyingi za matangi ya samaki wa maji chumvi, tatu kati yake zinauliza mikoko, nikaona nizijibu pamoja ili mmoja akisoma ya mwenzake asirudie kosa lilelile.

SWALI: Maalim shikamoo. Mie niko Jambiani nafanya kazi gesti, tajiri ana tangi la lita 300 pale mapokezi kwa ajili ya wageni na mie ndo nalishughulikia. Chini yake kuna tangi dogo, maji yanashuka yanapita humo halafu pampu inayarudisha juu, yeye analiita refujiamu. Nilisoma kwenye intaneti kuwa mikoko inasafisha maji, basi nikenda nikachuma mbegu 12 mtini nikazipanda humo kwenye tope nililochota hukohuko mikokoni. Leo miezi minne. Majani yametoka mawili mawili tu, mengine yamekuwa manjano, juu yana unga mweupe, naitreti (uchafu unaotokana na kinyesi na mabaki ya chakula cha samaki) nikipima bado 40, utando wa kijani unapanda vioo kama kawaida na lile tope sasa linanuka. Niing'oe yote?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usiing'oe yote, ila kuna jambo ungelijua mapema usingesumbuka miezi minne: mkoko mchanga hausafishi maji. Ile tunayoiita mbegu ni mche kabisa, umeota ukiwa bado umening'inia kwa mama yake, na umebeba chakula chake mwenyewe ndani, wanga mtupu, kwa hiyo miezi ya mwanzo unakula akiba yake wala hauna haja na naitreti yako. Hata ukishaanza kula ni polepole, unatoa majani mawili unapumzika, unatoa mawili tena, na jani likizeeka mkoko unavuta virutubisho unavirudisha ndani kwanza ndo unaliachia likiwa manjano, sasa hata ukiliokota ukalitupa umetupa kidogo sana. Mikoko 12 ya umri huo kwenye lita 300 ni sawa na kufua maji ya dau kwa kijiko cha chai.

Kinachokula naitreti na fosfeti (kirutubisho chengine kinachotokana na uchafu huohuo) kwa kasi ni mwani, na wewe uko Jambiani! Hapo mbele yako watu wanalima mwani tangu 1989. Sikwambii uchukue ule wa kuuza, huo unataka maji yanayokwenda kwa nguvu na kwenye tangi unachoka haraka. Chukua ule wa nyuzinyuzi, wa kijani, mgumu kidogo kama uzi wa mshipi uliovurugika, ule ambao kinamama wanaubandua kwenye kamba zao kwa sababu unazongana na mwani wao. Muombe mmoja atakupa bure na atakushukuru. Usuuze vizuri kwenye ndoo ya maji ya bahari, ukague kusiwe na kaa wala konokono, utie kwenye refujiamu bonge la ukubwa wa ngumi mbili, taa juu yake, na ukijaa unatoa nusu unatupa. Hapo penye kutoa ndo penye siri, kwa sababu naitreti imo mwilini mwa mwani na itatoka kwenye tangi siku utakayoutoa mwani wenyewe, ukiuacha ukajaa hadi ukaoza kila kitu kinarudi majini. Taa ya refujiamu iwashe usiku wakati ya tangi la juu imezimwa, hivyo pH (kipimo cha asidi ya maji) haishuki sana alfajiri.

Na refujiamu maana yake ni maficho. Kazi yake nyengine, ambayo mie naipenda kuliko hata hiyo ya naitreti, ni kuwapa wale vidudu wadogo kama chawa wa maji mahali pa kuzaana bila ya samaki kuwala, kisha wanapanda na maji kwenda juu wanakuwa chakula. Kaa kimya usiku na tochi uangalie kwenye kioo utawaona wanavyokimbia.

Sasa tope. Litoe, leo. Tope la mikokoni ni jeusi kwa sababu chini hamna oksijeni, na ile harufu ya mayai viza ni gesi yenye sumu, kule pwani maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku na mizizi ina njia zake za kupumua lakini kwenye sanduku la kioo likitibuka mara moja unaweza kuamka asubuhi samaki wote wanaelea. Hamisha samaki? Hapana, funga maji yanayokwenda juu, chota tope taratibu kwa kikombe bila ya kulivuruga, mwaga na yale maji ya humo, halafu tia maji mapya. Mikoko haihitaji tope. Itie kwenye mchanga mweupe wa pwani uliooshwa, au uifunge tu na kipande cha jiwe mizizi ining'inie majini, inaishi vizuri sana.

Kuhusu kupanda, nahisi ulizizika zile mbegu nusu nzima. Theluthi moja chini yatosha, ncha kali ndo ya chini. Na unasema ulichuma mtini, je zilikuwa zimepevuka? Mbegu ya mkoko iliyopevuka ina pete ya manjano pale inapoungana na tunda, ukiigusa na kuizungusha kidogo inatoka yenyewe. Ukilazimika kuivuta bado ni changa na haitokuwa na nguvu. Mara nyengine usichume kabisa, okota zilizosukumwa na maji kwenye ukingo wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu), ngumu, za kijani, zisizotobolewa na wadudu. Na muulize sheha au kamati ya uhifadhi ya hapo kijijini kabla ya kuchukua, mikoko kwetu inalindwa kwa Sheria ya Misitu ya 1996 na hata mbegu za kuokota ni adabu kuomba.

Unga mweupe ni chumvi ya matone yanayoruka. Mkoko huizuia chumvi nyingi mizizini isiingie, lakini inayorukia juu ya jani haina pa kwenda, kule nje mvua inaosha, kwako mvua ni wewe. Chupa ya kupulizia, maji ya mvua, kila asubuhi. Manjano nayo angalia vizuri: jani la chini likiwa manjano peke yake huo ni uzee. Majani ya zamani yakififia katikati ya mishipa na mishipa ikabaki kijani, maji yako yamechoka, magnesiamu imepungua, na dawa si chupa ya duka, dawa ni kubadilisha maji kwa maji mapya ya bahari ambayo yanayo magnesiamu kama miligramu 1,300 kwa lita. Chota wakati yamejaa na kutulia, mbali na mitaro na mahoteli, na masika usichote siku ya mvua kubwa. Majani machanga yakitoka manjano tokea mwanzo, hapo ndo mashaka ya chuma.

Tangi likipungua maji kwa joto ongeza maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, siyo ya bahari. Maji yanapaa, chumvi inabaki, mtu akiongeza ya bahari kila siku mwisho anafuga samaki kwenye brini, maji ya chumvi kali. Na punguza chakula, wageni wa gesti wanapenda kulisha samaki, huenda hiyo 40 yako imeanzia hapo.

Bakisha mikoko mitatu. Iliyobaki mpe anayeijua pwani ya hapo.

SWALI: Maalim, mimi msomaji wako wa Wete. Nataka kuanza refujiamu na huku Pemba mikoko ya kila aina tunayo. Nipande mkoko wenyewe, mchu au mkandaa? Vitabu vya nje vyote vinasema mti mmoja tu.

JIBU: Swali zuri sana na nimefurahi limetoka Pemba, maana sehemu kubwa ya mikoko ya Zanzibar iko kwenu.

Vitabu hivyo vinazungumzia mkoko wa Florida na Karibi, ambao ni ndugu wa huu wetu lakini si huu wetu. Mbegu yake ni fupi, kiasi cha kalamu au zaidi kidogo, kwa hiyo wanaweza kukwambia weka taa hapa, kina cha mchanga pale. Mkoko wetu mbegu yake inapita nusu mita mara nyengine, ukiisimamisha kwenye tangi dogo ishagonga taa kabla haijatoa jani hata moja! Ndo maana mie nakushauri mkandaa. Mbegu nyembamba yenye mistari, mti wenyewe haukimbilii kuwa mrefu, majani yake yanang'aa, na kwenye sanduku dogo unakaa kwa heshima. Mkoko weka kama una tangi lililo wazi juu na nafasi ya kutosha hadi dari.

Mchu ni mzuri kwa mtu anayetaka kuona ajabu, unaivuta chumvi kisha unaitoa kwenye jani, asubuhi unaiona inameta, ukilamba utaisikia. Lakini mizizi yake ya kupumulia inachomoza kama penseli kila mahali na inataka kupwewa na maji, tangi ambalo daima limejaa halifai. Kwa mchu unahitaji saa ya kuwasha na kuzima pampu na matangi mawili ili maji yajae na kupwa, ni kazi ya mtu mwenye muda. Ukiwa nao basi fanya na uniandikie, nitafurahi sana.

Usiwatie kaa wa mikokoni humo hata kama wanapendeza. Wanakula majani.

SWALI: Maalim, Mji Mkongwe hapa. Mkoko wangu una miaka mitatu, umefika taa, na mizizi inasukuma kioo nasikia silikoni (gundi ya vioo) inalia. Niukate? Au niurudishe baharini Maruhubi? Na umeme ukikatika siku nzima utakufa?

JIBU: Umeme usikutie hofu kwa ajili ya mkoko. Sie tuliokaa mwezi mzima gizani 2008, kisha tena kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu, tunajua nini kinakufa mwanzo: samaki, kwa kukosa hewa. Tafuta pampu ya hewa ya betri kwa ajili yao. Mkoko ukiuweka karibu na dirisha utakungoja.

Kukata inabidi uwe makini sana. Mkoko si kama mchu, mchu ukiukata unachipua tena lakini mkoko ukikata penye mti mkavu hautoi kitu, unakufa, na ndo sababu pwani iliyokatwa mikoko kwa boriti haijirudishi yenyewe haraka. Kwa hiyo bana kilele tu, ile ncha changa ya kijani, kwa kucha, nao utatoa matawi ubavuni. Mizizi punguza michache kwa mkasi mkali, siyo yote siku moja, wiki mbili halafu tena. Lakini kama silikoni inalia kweli mie ningeuhamisha wikiendi hii kwenye ndoo kubwa au pipa lililokatwa, ukauweka juu kwenye paa penye jua, kwanza siku chache kwenye kivuli majani yasiungue. Humo hata maji baridi matupu unaweza, ukizoeshwa taratibu.

Maruhubi usiupeleke. Tangi lako lina samaki na matumbawe ambayo sijui yametoka wapi, na mizizi inabeba mayai, konokono na mwani usioonekana kwa jicho, ukivitia ghubani hakuna wa kuvitoa. Na mti uliokulia kwenye kioo, bila mawimbi, hauna mizizi ya kushika tope. Maruhubi ina mbegu zake inaziangusha wenyewe kila mwaka, nenda bamvua ikipwa utaziona zimesimama topeni mstari kwa mstari, zimeshatoa majani mawili.