Gauni la bibi lenye kola ya kitoto: nishone au niache?

SWALI: Dada shikamoo. Nipo Moshi. Juzi nimekuta picha ya bibi mzaa mama, nyuma imeandikwa 1967, kavaa gauni fupi halina kiuno kabisa, kola nyeupe ya duara kama ya mtoto wa chekechea, na viatu vya mkanda mmoja. Nikaenda Memorial nikapata mtumba unaofanana nalo kabisa, elfu saba. Mama kaliona kasema hilo la mtoto. Hivi kweli watu wazima walikua wanavaa hivi? Na nikitaka fundi anishonee kama hilo kwa sendoff ya dada, ntaonekanaje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza kabisa hiyo picha kama iko kwenye zile albamu za gundi itoe leo hii, weka kwenye bahasha ya karatasi, gundi inaharibu picha.

Walivaa, tena kwa kukusudia. Mwaka 1947 Dior, mbunifu wa mavazi wa Paris, alileta mtindo wa kiuno kilichobanwa na sketi pana, ukapendwa sana, ila binti wa miaka 18 akiuvaa anafanana na mama yake, na kukimbilia basi huwezi. Mbunifu mwingine, Balenciaga, akaja 1958 na gauni linaloshuka toka kifuani bila kugusa kiuno, likaitwa beibidoli. Ila aliyelifikisha hilo wazo kwa wasichana wa mtaani ni Mary Quant wa London, alifungua duka lake Bazaar mwaka 1955. Alisimulia kwamba utotoni alimuona msichana anacheza dansi ya kugonga viatu, kavaa nguo nyeusi fupi, soksi nyeupe na viatu vya mkanda, hakumsahau. Akachukua gauni la shule lile la kuvalia juu ya blauzi akalifanya la mtu mzima. Mwaka 1964 duka la Biba nalo likauza kwa posta gauni la drafti ya pinki pamoja na kitambaa chake cha kichwani, yakagombaniwa kweli kweli.

Mimi naupenda sana huu mtindo kwa sababu mwili unapumua, unakaa unavyotaka, unakula ukashiba. Kinachoniuma ni kilichofuata, 1966 akapandishwa chati mwanamitindo Twiggy, binti wa miaka 16, mwembamba, nywele fupi, na wanawake wenye watoto watatu wakaambiwa wafanane naye. Nguo ya kumfungua mwanamke ikageuka ya kumpima.

Na bibi yako aliwahi, maana 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, na kuanzia Januari 1969 vimini vikapigwa marufuku.

Sasa kwa fundi. Mtumba usiufumue, mpe kama sampo. Mwambie marinda yaanzie chini kidogo ya kifua, yakianzia juu ya kifua kitambaa kinaning'inia hapo mbele na watu watakuuliza una miezi mingapi. Pindo lishuke hadi gotini. Kola ndo roho ya hilo gauni, ibaki ya duara, nyeupe, ila iwe nyembamba, vidole viwili tu, na aiwekee gamu ngumu ndani, kile kitambaa cha kukazia, isije ikajikunja ukishaanza kucheza. Kitambaa chagua kizito kidogo cha rangi moja, maua madogo madogo ndo yanarudisha utoto. Afu mama mwoneshe ile picha ya bibi kabla hujaenda kwa fundi, sio baada.