Saa sita za kazi, na mbili zilizonifuata nyumbani

Tulipopunguziwa saa za kazi kutoka nane hadi sita kwa mshahara uleule, nilishangilia kama mtoto. Wiki ya tatu nilikuwa hoi kuliko zamani. Saa nane mchana nilitoka kweli, lakini saa mbili usiku ungenikuta mezani nyumbani, sahani nimeisukuma pembeni, namalizia ripoti ya mchana.

Tulipunguza saa, kazi tukaiacha vilevile.

Basi nikachukua daftari, nikawa naandika kila nusu saa imekwendea wapi. Siku tano tu. Aibu! Vikao vilikula saa tisa, na katika viwili sikufungua mdomo ila kuitikia salamu. Nikampelekea mkuu wangu daftari lenyewe (malalamiko alishayazoea). Alilisoma akiwa amesimama, akafuta vikao viwili palepale, kimoja kikiwa chake mwenyewe. Ukitaka kumshawishi bosi, anzia hapo.

Baadaye ndipo nilipoelewa kilichofanyika Iceland. Kati ya 2015 na 2019, watumishi wapatao 2,500 walipunguziwa wiki ya kazi kutoka saa 40 hadi 35 au 36, mshahara haukuguswa, na sehemu nyingi huduma haikushuka. Siri haikuwa kukimbizana. Walifupisha vikao, wakapanga zamu upya, wakaacha yasiyo ya lazima.

Ila usidanganyike kwamba dawa hii inafaa kila mahali. Huko Gothenburg, Uswidi, makao ya wazee yalijaribu siku ya saa sita kuanzia 2015. Wauguzi waliugua kidogo kuliko awali, na wazee wakapata muda zaidi wa kushughulikiwa. Lakini ilibidi waajiriwe watu 17 wa ziada, kwa sababu mzee wa kuogeshwa huwezi kumfupisha kama kikao. Kama kazi yako ni ya namna hiyo, dai watu kwanza, saa baadaye.

Na simu! Hii ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Siku ya kwanza niliyoinyamazisha saa nane mchana, mikono iliniwasha hadi usiku. Asubuhi nikakuta meseji 14 za kazini. Kumi na moja zilikuwa zimeshajibiwa na wenzangu. Tatu zilizobaki zilinichukua dakika kumi.