Kujitolea mwaka wa kwanza UDOM

Mdogo wangu, umeuliza kama mwaka wa kwanza UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) utaweza kujitolea kufundisha shule ya msingi bila kudisco, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Utaweza, ila usijiandikishe kila klabu wiki ya kwanza. Wanaofanya hivyo huwaoni tena bumu (pesa ya kujikimu ya mkopo) likiisha. Subiri ratiba ya vipindi itulie, uchague kitu kimoja. Ndaki (sehemu kuu za chuo) zimetawanyika, kwa hiyo tafuta shule unayofika kwa miguu, nauli isikukwamishe. Nenda na barua ya utambulisho kutoka kwa mshauri wa wanafunzi, umuulize mwalimu mkuu watoto wanakwama wapi. Mara nyingi ni kusoma na kuhesabu; wasaidie hapo, siyo hizo hotuba za "timizeni ndoto zenu." UE (mitihani ya mwisho wa muhula) zikikaribia, muage mwalimu mkuu mapema, usipotee tu.