Usichomelee hiyo difu kesho kabla hujapima pembe

Mkuu, simama hapohapo. Umesema pikapu yako umeishusha nyuma inchi 5 kwa kuhamishia ekseli juu ya springi. Sasa inatetemeka kuanzia kilomita 80 kwa saa na inagonga ukianza kuondoka. Unauliza uanze na kubalansi propela (fimbo inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi difu, yaani gia za ekseli ya nyuma) au kubadilisha senta beringi (inayoshika propela katikati, vipande vyake viwili vinapokutana), ununue shokapu fupi kiasi gani, na taa za mbele uzirekebishe vipi. Katikati ya maswali hayo umepitisha kama jambo dogo kwamba kesho fundi atanyanyua gari kwa chesisi, akate vikalio vya springi (vile vya kwenye ekseli ambapo springi inakaa), aelekeze pua ya difu, pale inapofungwa propela, iitazame propela na kuchomelea. Hilo ndilo litakalokutoa machozi. Usiende.

Pembe za propela hazipimwi ekseli ikiwa inaning'inia. Gari ikinyanyuliwa kwa chesisi, magurudumu yanabaki hewani, springi zinarudi kwenye upinde wake wote na ekseli inashuka. Chukua propela ya nyuma yenye mita 1.2 kutoka krosi hadi krosi (krosi ni kile kiungo kinachoiwezesha propela kupinda huku ikizunguka). Ekseli ikishuka sentimita 10 tu, propela inainama karibu digrii 5 zaidi ya inavyokaa barabarani. Fundi anachungulia, anaona pua ya difu na propela vimetazamana vizuri, anachomelea. Gari ikiteremshwa, springi zinalala, ekseli inapanda zile sentimita 10, propela inanyooka, lakini pua imebaki ikitazama juu. Digrii 5 zote zinaangukia krosi ya nyuma peke yake, wakati krosi kwa mwendo wa barabara kuu haitakiwi kuzidi digrii 3 hivi. Utatoka gereji na mtetemo mkubwa kuliko uliokuja nao.

Na kilichochomelewa hakirudi kwa spana. Ni kukata kwa grainda, kusafisha bomba la ekseli, kuchomelea upya palepale palipokwisha kuungua. Bomba likipata moto mwingi upande mmoja linapinda, sili za ekseli zinaanza kuvujisha oili, beringi za magurudumu zinakufa mapema. Hayo nimeyalipia mara mbili, zote mbili kwa ushauri wa watu waliojiamini kabisa na hawakuwa na kipimapembe gereji nzima. Ninaandika kwa hasira kwa sababu maneno uliyoambiwa ndiyo yaleyale, neno kwa neno.

Hata hilo la "elekeza pua kwenye propela" ni sahihi kwa propela za aina moja tu: zile zenye krosi mbili zilizobanana upande wa giaboksi. Zako ni krosi za kawaida, mojamoja: mbele, katikati na nyuma. Krosi ikifanya kazi kwenye pembe haizungushi sawasawa. Katika kila mzunguko mmoja inaharakisha mara mbili na kuchelewa mara mbili. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayofuta kosa hilo, kwa sharti kwamba pembe zake zilingane na ya kwanza na taya (zile pembe za chuma zinazoshika krosi) za pande zote mbili zikae kwenye mstari mmoja. Ukinyoosha krosi ya nyuma hadi sifuri, umeondoa kifutio. Tena sifuri yenyewe ni mbaya, maana vile visindano ndani ya vikombe havizunguki, vinakaa palepale na kuchimba mistari kwenye miguu ya krosi. Ukifungua krosi ya namna hiyo, pitisha kucha juu ya mguu wake, utaisikia ile mistari. Krosi inataka angalau nusu digrii.

Kupima ni hivi. Gari isimame kwenye shimo la gereji, au magurudumu yote manne yapande rampu zenye kimo kimoja. Tairi ziwe na upepo sahihi, mzigo uwe ule unaobeba kila siku. Isukume juu na chini mara kadhaa springi zikae. Kwa kipimapembe chenye sumaku chukua namba nne: flanji ya nyuma ya giaboksi, propela ya mbele, propela ya nyuma, flanji ya pinioni (gia iliyo kwenye pua ya difu). Futa kutu na rangi unapokibandika, na andika kila namba inainamia upande gani. Pembe ya krosi ni tofauti kati ya vitu viwili vinavyopakana. Vikiinamia upande mmoja unatoa, vikiinamia pande tofauti unajumlisha. Wengi wanakosea hapo kwenye kujumlisha.

Tuseme giaboksi inainama kwenda nyuma digrii 3, propela ya mbele 3.5, propela ya nyuma 1. Krosi ya kwanza ina nusu digrii, safi. Ya katikati ina 2.5. Basi ya nyuma nayo inatakiwa iwe karibu na 2.5, maana yake pinioni iinamie upande uleule kwa digrii 3.5, sambamba na propela ya mbele. Ila ukikanyaga mafuta springi zinajisokota na pua inanyanyuka, kwa hiyo iache pungufu ya hiyo 3.5 kwa digrii 1 hadi 2. Hapa ningeiweka 2.5. Krosi ya nyuma itasoma 1.5 gari ikiwa imesimama, na ukivuta itakaribia 2.5 inayotakiwa. Fundi wako, hata gari ikiwa chini, angeiweka 1 ili "inyooke".

Kama kosa lako ni digrii 2 hadi 4, hakuna haja ya kuchomelea chochote. Weka kabari za chuma kati ya springi na kikalio. Za alumini zinapondeka taratibu na yu-bolti (bolti za umbo la U zinazobana ekseli na springi) zinalegea. Angalia sana upande: gari ambayo ekseli iko chini ya springi, kunyanyua pua unaweka upande mnene wa kabari nyuma. Yako ekseli iko juu ya springi, kwa hiyo upande mnene unakwenda mbele. Maelekezo mengi utakayoyakuta ni ya ekseli iliyo chini. Ukiyafuata na kabari ya digrii 3 utakuwa umekosea kwa digrii 6. Bolti ya katikati ya springi iwe ndefu ya kutosha kichwa chake kizame kwenye tundu, yu-bolti ziwe mpya, na ukaze mara ya mwisho uzito ukiwa juu ya magurudumu. Rudia kukaza baada ya kilomita 100 hivi.

Kama ni lazima kuchomelea, vikalio vipya vibanwe kwa yu-bolti tu, gari iteremshwe, difu izungushwe kwa jeki chini ya pua hadi namba ikae. Gusa kwa nukta mbili tatu kila kikalio. Sukuma gari, pima tena. Namba ikishikilia ndipo utoe ekseli umalizie, mistari mifupi kwa kupokezana kushoto na kulia, bomba lipoe katikati. Kibanio cha ethi kikae kwenye bomba lenyewe karibu na kazi, umeme usipite kwenye beringi.

Sasa kubalansi. Usitoe hela huko kwanza. Propela isiyobalansiwa inatikisa mara moja kwa kila mzunguko, na inazidi kadiri mwendo unavyozidi, ukanyage mafuta au uachie. Kosa la pembe linatikisa mara mbili kwa mzunguko na linabadilika ukikanyaga au kuachia. Kwa tairi yenye mzunguko wa mita 2.2 na difu ya 4.1 (propela inazunguka mara 4.1 gurudumu likizunguka mara moja), ukiwa kilomita 100 kwa saa propela inazunguka kama mara 52 kwa sekunde, kwa hiyo kosa la pembe linatikisa mara 104. Hilo linasikika kama mvumo ndani ya kabini kuliko mtikisiko wa usukani. Jaribu kwenye barabara tupu iliyonyooka: fika mwendo unaotetemeka, weka nyutro injini ikiwa inawaka. Mtetemo ukibaki, injini haihusiki. Ukipungua sana mara tu unapoachia mafuta, rudi kwenye kipimapembe. Hakuna mashine ya kubalansi inayosahihisha pembe, na anayekuuzia kubalansi kabla ya kupima anakuuzia hewa.

Huko kugonga ni jambo jingine, na ukiliacha litaua giaboksi. Ekseli ilipopanda, umbali hadi giaboksi ukabadilika, na sehemu ya propela inayoteleza kwenye meno huenda inaingia hadi mwisho. Paka grisi nyembamba au chora kwa chaki pale inapoingilia, kisha endesha kwenye matuta ukiwa na mzigo. Alama itakuonyesha imeingia kiasi gani. Ekseli ikigusa raba ya kuizuia isigonge chesisi, inatakiwa ibaki nafasi ya milimita 25 hivi. Haipo? Propela ifupishwe, na hapo ndipo kubalansi kunapata maana. Ukiitenganisha, weka alama ya rangi pande zote mbili kwanza, kwa sababu ukiirudisha jino moja pembeni taya hazilingani tena na utaanza kutafuta mtetemo mpya. Nafasi ikiwepo, shika propela kwa mikono miwili uisokote. Krosi iliyokwisha utaiona ikicheza kwenye vikombe.

Senta beringi ibadilishe kama raba imechanika au inakwaruza ukiizungusha kwa mkono. Usiiwekee spesa ya kuishusha kwa sababu umeona gari iliyoinuliwa imefanywa hivyo. Yako imekwenda upande wa pili, na milimita 10 pale katikati zinabadilisha krosi zote tatu kwa pamoja. Ukizungusha difu kwa digrii nyingi, jua pia kimo cha oili kwenye tundu la kujazia si kilekile, na pua ikitazama juu beringi ya mbele ya pinioni ndiyo ya kwanza kukosa oili.

Mpigie fundi sasa hivi umwambie asubiri. Kesho chukua kipimapembe, gari ikiwa imekanyaga chini, uandike hapa zile namba nne na kila moja inainamia wapi. Nitakupigia hesabu ya kabari.